Bibi wa Mbao za Mawimbi

Siku ya kwanza nilipofika kwake, bahari haikuwepo. Sitanii. Nimetoka Pugu asubuhi, nimevuka na pantoni, nimetembea juani na taulo begani kama mtalii, nafika ufukweni Mjimwema nakuta tope, majani ya baharini, na akina mama wameinama kule mbali wanatafuta pweza. Maji yameenda hadi kwenye mwamba. Pembeni kuna nyumba ndogo ya matofali ambayo haijapigwa plasta, na nje yake bibi mmoja kakaa kwenye mkeka anamenya mihogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Samahani, bahari iko wapi?"

"Imeenda kwao."

"Inarudi saa ngapi?"

"Kwani leo mwezi ngapi?"

Nikatoa simu, nikamsomea tarehe. Akacheka mpaka kisu akakiweka chini. "Hiyo ya kwenu ya mishahara. Mie nakuuliza mwezi wa juu."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nimeletwa Mjimwema kwa Shangazi, dada yake baba, nikae naye mpaka yatoke. Nilikuwa nimeshaona kwenye simu video za vijana wa kule wamesimama juu ya mawimbi, nikajiapiza na mie nitasimama kabla sijarudi nyumbani. Nilidhani ni ishu ya siku mbili. Kumbe sehemu ile ina mambo yake, na karibu mambo yake yote yanapita kwa yule bibi.

Kwanza, hawaendi na wiki. Ukimwambia kijana wa kule tukutane Jumamosi kwenye mawimbi, anakuangalia tu. Wanakwenda na mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanajaa jioni, na asubuhi saa nne ndiyo unakuta tope kama nililolikuta mie. Siku nyingine yanajaa asubuhi. Kwa hiyo Jumapili wanashuka watu kibao kutoka Buguruni na Ubungo, wamepika pilau, wamebeba spika, wanaingia majini na majinzi, na wenyeji wote wamelala ndani kwa sababu siku hiyo wimbi hakuna. Halafu Jumanne jioni, saa ambayo mtu mwenye akili yuko kwenye shughuli zake, unawakuta wote baharini.

Pili, mbao, zile wanazosimama juu yake kwenye mawimbi. Hakuna anayeziita kwa jina lingine, ni mbao tu. Zimeachwa na wageni waliokuja kucheza na mawimbi wakati wa kusi, wakarudi kwao, wakaona uvivu kuzibeba. Na zote zinakaa kwa yule bibi. Nyingine chini ya kitanda, nyingine juu darini, moja imesimama nyuma ya mlango wa chumbani, ukiingia haraka inakupiga. Ndiyo maana anaitwa Bibi wa Mbao. Jina lake la kweli nalijua, ila siliandiki.

Ubao wa kwanza alipewa na mzungu mmoja kama zawadi ya kuaga. Hakujua wa nini. Akautandikia shuka akawa anapigia pasi, tena anasema mpaka leo hajawahi kupata meza ya pasi nzuri kama ile. Vijana ndio waliokuja kumlilia. Akawapa kwa sharti kwamba kila jioni urudi ndani, umefutwa maji, usimlowanishie sakafu. Kutoka hapo kila mgeni akiondoka anaambiwa, huo mpelekee yule bibi. Ndivyo alivyojikuta na mbao, na watoto wa watu wamezifuata.

Kuziba mbao zilizopasuka anaziba mwenyewe, kwa ile gundi ya wanaotengeneza boti za faiba, na anaipima kwa kijiko cha chai. Ili miguu isiteleze, kuna nta maalumu ambayo wageni wanakuja nayo. Yeye anatumia mshumaa. Anausugua ubao huku anaongea peke yake mpaka umekuwa kama umepigwa chokaa. Umeme ukikatika kwake mnakaa gizani, maana mishumaa yote iko kwenye mbao.

Sasa kupata ubao kwa Bibi, hapo ndipo nilipotaka kulia. Hauombi tu ukapewa. Kwanza ule. Mbele yake. Anakutilia mihogo ya kuchemsha na kachumbari, anakuangalia mdomo. "Mwenye njaa ana haraka," anasema, "na mwenye haraka sina ubao wake." Ukimaliza anakuuliza umeagana na nani nyumbani. Siku niliyokwenda kuomba nilikuwa nimetoka nimenuniana na Shangazi kwa sababu ya vyombo. Nikajibu kwa kujiamini, "Shangazi anajua niko huku."

"Sijakuuliza kama anajua. Mmeagana?"

"Bibi, maji yamejaa sasa hivi, nikirudi huko yatakuwa yameshatoka."

"Yatarudi. Bahari haijawahi kuhama. Nenda kaoshe vyombo."

Nikarudi. Nikaosha vyombo kwa hasira mpaka Shangazi akauliza kama nagombana na sufuria. Nilipofika tena ufukweni maji yameshapwa. Bibi kaniona, katabasamu, kanisogezea sahani. Siku hiyo nilimchukia kabisa.

Na hapo ujue yeye mwenyewe haingii baharini. Mara moja tu kwa mwaka, ile siku ya kuoga mwaka, anashuka alfajiri na wazee wenzake, anajitosa na khanga zake, anatoka, basi, mpaka mwaka mwingine. Nikamuuliza kwa nini. "Bahari ni kama wakwe," akasema. "Unawasalimia, unawaheshimu, hulali kwao." Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwatoa watoto wa kike ndani kwa mama zao. Anaenda nyumba kwa nyumba: "Mpe huyu binti nikamtie ubaoni, wavulana wanapata kila kitu." Mama akisema nguo za kuogea zile aibu, Bibi anasema nani kakutajia nguo za kuogea, ataingia na suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu kama mie ninavyotaka. Mie nilijifunzia na fulana ya michezo ya shule.

Wazungu anawasema siku nzima. "Mtu mzima na akili zake analala juani anajianika kama makopa." Halafu mgeni akija kuaga analia yeye kuliko anayeondoka, na biskuti walizomwachia hagusi mtu. Mswalihina, hakosi sala, na Ijumaa hakuna ubao unaotoka mpaka watu wawe wametoka msikitini. Lakini timu yake ikifungwa ana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kuna jambo moja lilinichanganya mwanzoni. Mtu akiwa majini, usimwite jina. Ni mwiko kabisa. Bibi anasema ukilitaja jina pale ufukweni bahari nayo inalisikia, na ikishalijua itakuja kuita yenyewe. Kwa hiyo watu wanaitwa kwa rangi ya nguo. "Nyekundu, sogea kulia!" "We Njano, hilo siyo lako, mwachie mwenzio!" Kazi ya Bibi ndiyo hiyo. Anakaa pale kwenye mkeka maji yakijaa, anawaangalia wote. Mkono wa kaskazini kuna mlango kwenye mwamba, maji yanapenya hapo yakitoka, na yanavuta. Mtu akisogea upande ule Bibi anamwita rangi yake, na anayeitwa anatoka bila ubishi. Asipotoka hapewi ubao mpaka mwezi mwingine uandame. Mama zao ndiyo maana wanawaachia. Wanasema, "Bibi yupo."

Mie mambo ya bahari kusikia majina siyaamini, nimesoma. Ila na mie nilikuwa siiti.

Ule mwezi wangu wa pili kule ndipo kilipotokea kioja cha mwezi. Kila mwezi ukikaribia kuandama, Bibi anatoka wakati wa magharibi, anasimama nyuma ya nyumba anautafuta. Akiuona, anaanza kuhesabu, na hesabu yake ndiyo inayopanga saa za mbao kwa mwezi mzima. Jioni ile tulisimama naye watu kadhaa. Mwembamba, mwekundu kidogo, lakini upo pale juu ya minazi. Tukaushangilia. Bibi akakunja uso.

"Uko wapi?"

"Ule pale, Bibi, juu ya mnazi uliopinda."

"Hakuna kitu pale. Nyie mnaona tamaa zenu. Mwezi haujaandama."

Shabani, kijana mmoja anayejua mawimbi kuliko wote kule, akataka kubisha. Shangazi akamfinya. Basi mwezi ule tukawa na miezi miwili, wa Mjimwema nzima na wa Bibi, wake uko nyuma siku moja. Maji huchelewa karibu saa nzima kila siku, kwa hiyo yeye anatoa mbao mapema, maji bado hayajafika vizuri juu ya mwamba. Watu wakawa wanatoka magoti yamechubuka. Na hakuna aliyesema! Vijana wakubwa wenye ndevu wanapokea ubao, wanasema asante Bibi, wanaenda kuchubuka kwa adabu. Nikamwambia Shabani huu ni ujinga.

"Sista," akasema, "utamwambia wewe?"

Sikumwambia. Hata mie.

Jioni moja upepo wa kusi ulikuwa mkali. Nilikuwa nimeshatoka majini, nimekaa karibu na mkeka wa Bibi najikausha. Kule ndani walikuwepo wanne, na Shabani mmoja wao, kavaa fulana ya bluu. Bibi akaniambia, "Bluu leo katulia, angalia alivyokaa. Anajua kusubiri. Wewe ungeshapanda yote." Akanyoosha kidole. Nikafuata kidole chake. Alikuwa anaonyesha dumu. Dumu la bluu, boya la mtego wa samaki wa watu, linaelea pale siku zote.

Nikamtafuta Shabani. Yuko mbali kaskazini, kamba ya mguuni inayomfunga na ubao imekatika, ubao umeshatangulia, yeye anaogelea kuufuata, na maji yanamvuta mlangoni.

Nikaruka. "Bluu! Bluu, rudi!" Upepo unanirudishia sauti mdomoni. Wenzake wakaniona navyorusha mikono, wakageuka, wakamwona. Walilala juu ya mbao wote watatu wakapiga kasia kwa mikono, sijawahi kuona watu wanakwenda vile. Walimfikia. Walimlaza juu ya ubao mmoja, wakazunguka kwa nje, wakatokea mbali sana upande wa pili. Alipofika mchangani alitapika maji, akacheka, halafu akaanza kutetemeka.

Muda wote huo Bibi amesimama na mkono kwenye paji la uso. "Mbona mnapiga kelele? Bluu si yule pale? Katulia, si yule pale?"

Vijana wanaangalia miguu yao. Nikaona hapa kila mtu atakaa kimya kwa heshima mpaka tumzike mtu. Nikamshika mkono.

"Bibi, lile ni dumu."

"Dumu gani?"

"Ulilokuwa unaliangalia. Ni dumu. Shabani ni huyu hapa."

Akapapasa kichwa cha Shabani, kimelowa. Akapapasa uso. Akakaa chini taratibu. Akasema, "Leteni mbao zote ndani." Zikaletwa. Akazihesabu kwa kuzigusa, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. "Asiyeona haangalii watoto wa watu. Basi. Zimelala."

Zikalala kweli. Bamvua ikaja, mawimbi mazuri kuliko yote niliyoyaona, na ufukwe mtupu. Vijana wanakaa ukutani kama wamefiwa. Mwanawe anayekaa Ubungo akapata habari, akapiga simu akasema afadhali, hizo mbao nitakuja na gari nizichukue, siku mtu akifa wataitwa polisi kwako. Alisema atakuja mwisho wa mwezi. Kama mbao zingeondoka, pale pangebaki ufukwe wa pilau na spika tu.

Nikaenda kwa Bibi kila siku. Nikamwambia ni mtoto wa jicho, wanatoa, mama wa rafiki yangu Pugu alitolewa sasa anatunga uzi kwenye sindano.

"Na wakilikosea?"

"Hawalikosei."

"Wewe ndiye daktari?"

"Bibi, si tayari huoni!"

Shangazi aliyekuwepo akashika mdomo. Bibi akacheka kidogo. "Mtoto huyu hana breki. Naona, mwanangu. Naona kidogo. Hicho kidogo ndicho changu. Wakikigusa kikazima, hata hilo dumu sitaliona."

Nikamwambia tu, "Nitakaa na wewe mpaka bandeji itoke."

Akaniangalia, au aliangalia pale aliposikia sauti. Ikatangazwa kambi ya kutibu macho mjini, naye akakubali. Tukavuka naye asubuhi, mie, Shangazi na Shabani. Kwenye pantoni Bibi akakataa kusimama ubavuni, akasema hataki bahari imwone anakwenda wapi. Hospitali akawapanga foleni wazee wote waliokuwepo, akawauliza kama wameagana nyumbani. Walipomwita mlangoni akanikabidhi khanga yenye ufunguo. "Isiporudi hali yangu," akasema, "mpe Shabani. Usimpe mwanangu." Akaingia.

Bandeji ilipotoka nilikuwepo. Alianza kuniangalia mie. Akaniangalia sana.

"Kumbe ndiyo hivi ulivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mh. Haya. Sauti yako nzuri."

Tulicheka mpaka nesi akatufukuza. Wiki ile matokeo yakatoka, nikarudi Pugu, nikaenda chuo. Mwanawe alikuja kweli na gari, Shangazi ndiye aliyenihadithia. Bibi alimsomea namba ya gari akiwa amesimama mlangoni, moja baada ya nyingine, kisha akamwambia geuza.

Nilirudi kusi iliyofuata, likizo. Safari hii nilipiga hesabu ya mwezi mwenyewe, nikafika jioni maji yamejaa. Nilikuwa nimewaza mawimbi tangu mitihani. Vijana wapo ndani, mbao zimetoka, kila kitu kiko sawa. Bibi yuko kwenye mkeka wake. Ila kaipa bahari mgongo.

"Shikamoo, Bibi. Jicho vipi?"

"Marahaba. Jicho zima. Naona mpaka sisimizi."

"Mbona umegeukia huku?"

Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga. "Mie zamani nilikuwa naona kitu cheupe kinakuja, kinarudi. Nikasema, wimbi ndilo hilo. Siku ile nimetoka hospitali nikaja nikakaa hapa. Nikaona." Akanyanyua mkono juu ya kichwa chake, juu zaidi, mpaka kiwiko kikanyooka. "Mwanangu, yana urefu ule? Na mtoto wa mtu yuko kule juu? Na mie miaka yote nimekaa hapa nawaambia nendeni, nendeni."

Nikawaza, mie ndiye niliyempeleka. "Kwa hiyo unataka kuzifungia?"

"Nizifungie kwa kosa gani? Watoto ni walewale, maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni jicho langu. Nitawanyima bahari kwa sababu ya jicho langu mie?" Akatikisa kichwa. "Ila kuangalia siwezi. Nimejaribu. Roho inanitoka."

"Sasa nani anaangalia?"

"Anayekuja. Jana alikuwa shangazi yako. Leo umekuja wewe. Kaa."

Nikaangalia maji. Ubao mmoja ulikuwa umebaki umeegemezwa ukutani, mweupe kwa mshumaa. Jua lilikuwa bado juu kidogo, si sana. Nikaacha taulo langu chini, nikakaa.

"Haya, sema."

"Watatu wako ndani, wamekaa. Nyekundu ameanza kupiga kasia. Kuna wimbi nyuma yake."

"Kubwa?"

Nilifikiria kumdanganya. "Kubwa, Bibi."

Akanishika kifundo cha mkono. "Kalipata?"

"Bado. Kalipata. Kasimama."

"Kasimama?"

"Kaanguka."

Vidole vyake vikanibana. Wimbi likamfunika, likavunjika, pakawa na povu tupu. Ubao ukaruka juu peke yake ukarudi chini. Sikuona kichwa. Nikanyanyuka nusu.

"Sema basi, we mtoto!"

"Subiri, Bibi." Nilikodoa macho mpaka yakauma. "Katokea. Kaushika ubao. Anacheka."

Akaachia pumzi. Akageuza shingo, akachungulia mara moja tu, kama mtu anayefunua sufuria ya wali, akarudisha mgongo haraka. Mkono wangu hakuuachia.

"Haya," akasema. "Endelea."